Mheshimiwa Diwani na Mkono Kifuani

Kabla hajawa mheshimiwa diwani kwao Kolombia, alikuwa mpokea wageni katika hoteli moja ya Al Rigga, Dubai, na mimi nilikuwa nikisafisha vyumba humo humo. Kila aliyekutana naye, yeye alimpiga busu la shavu, kama ilivyo desturi ya kwao. Vijana wetu wa Mombasa waliokuwa jikoni walikuwa wakimkimbia, mpaka mmoja akamfundisha: "Sisi hatugusani hivyo, dada. Weka mkono kifuani, tabasamu, khalas. Mtu anajua umemkataa na wala hakasiriki." Alicheka sana, akajifunza.

Alikuwa na kiherehere cha haki. Basi la kuturudisha Dubai Investments Park, kwenye makazi ya wafanyakazi, halikuwa na kiyoyozi. Maandamano hapa hayapo, basi akaandamana peke yake hadi ofisini kwa meneja, kila asubuhi, akiongea mpaka meneja wa watu akasalimu amri. Basi jipya lilipokuja tulipiga picha, yeye katikati. Nilimpenda, sifichi.

Akarudi kwao, akagombea. Picha ile ikawa bango la kampeni: yeye kasimama kana kwamba basi kaliunda mwenyewe, mimi nimebakizwa kiwiko. Nasikia mikutanoni alituita watu aliowakomboa. Siku niliyopewa habari hiyo nilikuwa nasugua choo.

Mwaka huu amekuja tena, safari hii mgeni wa hoteli, na madiwani wenzake waliokuja kujifunza usafi wa miji, yaani kununua dhahabu. Meneja aliinama hadi tai ikagusa meza. Mimi mama yangu alikuwa apasuliwe jicho Mombasa juma lililofuata, anaogopa, ananitaka niwepo, na likizo nimenyimwa. Nikamvizia mheshimiwa mlangoni mwa lifti, nikamweleza yote.

"Suala zito sana hilo," akasema. "Nitalifuatilia."

Meneja akatokea, anakuja upande wetu.

"Huyo hapo, dada," nikamwambia. "Neno lako moja tu."

Akamtazama meneja, akanitazama mimi. Akaweka mkono kifuani, akatabasamu vizuri, kama alivyofundishwa. Akaingia, lifti ikajifunga.

Mama aliingia kupasuliwa ameshikwa mkono na jirani. Na yule kijana wa jikoni alikosea. Nilikasirika, na mpaka leo sijapoa.