Mama wa Mwezini Alikuwa Kichwa Chini

Binti yangu wa miaka minne alirudi kutoka shuleni analia. Aliwaambia wenzake kwamba mwezini kuna mama amebeba kuni kichwani na mtoto mgongoni, wakamcheka. Hadithi hiyo ni ya mama yangu wa Lubumbashi, na mimi huyo mama nilimwona kwa macho yangu nikiwa mdogo, tumelala uani juu ya mkeka. Baba mtoto, badala ya kumtetea, akasema bibi alimdanganya. Niliwaka. Nikasema bon, nitapiga picha, mtaona wote.

Desemba hapa Schaerbeek, ughaibuni kwenye baridi, jioni mapema giza limeshaingia, donc basi mwezi mpevu unatoka kati ya mabomba ya moshi ya nyumba za mbele wakati bado ninakaanga ndizi. Nikaziacha, nikatoka na simu kwenye balkoni. Picha ikatoka doa jeupe tupu. Mume wangu akaitazama.

"Maman, umepiga foto ya lampe ya barabara."

Ndizi ziliungua pia.

Kesho yake nilitoa aparei ya picha ya mtumba niliyonunua sokoni, ile inayovuta vitu vya mbali. Niliiweka juu ya kiti kirefu cha mtoto, nikapunguza mwanga hadi anga ikawa nyeusi ti, nikaipa sekunde deux, mbili tu, ijipige yenyewe, maana mkono wenye hasira unatetemeka.

Mungu wangu! Mashimo, madoa, kingo zote wazi. Moyo ulidunda kama siku ile redio iliposoma matokeo yetu ya examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari.

Lakini mama wa kuni hayupo. Nikatafuta, hayupo. Midomo ya binti ikaanza kutetemeka. Nikamtumia mama yangu picha; akapiga simu palepale, amekasirika kuliko mimi.

"Unamuangusha ule mama na mutoto mu mugongo! Umusimamishe."

Nikageuza aparei juu chini. Alikuwa pale, kuni, mtoto, vyote. Kumbe kwetu mwezi tunautazama kutoka upande mwingine wa dunia, huku unaonekana kichwa chini. Miaka six niko hapa, sikujua.

Binti alimvuta baba yake hadi balkoni.

"Papa, inama, angalia kati ya miguu."

Jitu zima likainama, kichwa kati ya magoti, likatazama mwezi. Halafu akasema anamwona.

Nikampa simu hukohuko chini, bibi mwenyewe bado yuko hewani. Amwombe mama yangu radhi kwanza, ndipo ainuke.