Swichi za Jikoni Nilizozitundika Ukumbini

Aibu hii niliitafuta mwenyewe, kwa hiyo mkitaka kucheka chekeni, lakini mjue mimi nilianza kwa kubeba magunia ya karafuu mpaka nikajenga nyumba yangu ya ghorofa hapa Malindi, sikusoma na hakuna aliyenitisha. Ila Nassor, jirani yangu, alinitisha siku alipotia umeme (siku zile tukiita stimu) kabla yangu. Kila magharibi atabonyeza swichi, baraza yake yote ing'are, na mimi nimo ndani na kandili yangu, roho inaniungua.

Nikaita fundi. Nikamwambia kwamba Nassor ana taa za barazani tu, mimi nataka mpaka jikoni, taa na pangaboi na birika la umeme.

"Basi swichi tuziweke jikoni, mzee, mpishi azifikie."

"Nani ataziona huko? Nassor ataingia jikoni kwa mke wangu?"

Zikakaa ukumbini, tatu, za shaba, ubavuni mwa kiti cha mgeni, na Bi Zuwena mke wangu akitaka mwanga jikoni agonge mlango wa ukumbi, nimbonyezee.

Ramadhani nikamwalika Nassor na majirani wengine waje wafuturu. Adhana bado kidogo, Nassor akaziona (raha niliyoipata siwaambii), akabonyeza ya kwanza. Ukumbini hakikubadilika kitu.

"Mbona haifanyi kazi, yakhe?" Akabonyeza na ya pili.

Mara sufuria ikaanguka jikoni kwa kishindo, ikafuata sauti ya Bi Zuwena, ambaye wanaume wa kando hawajapata kumsikia hata akikohoa:

"Nani kazima taa? Uji wote uko chini. Nshakwambia swichi nnazitaka huku, ukasema lazima Nassor azione zimuume. Haya, zimemuuma?"

Watu wakatazama mkeka.

"Hazijaniuma, shemeji," Nassor akajibu polepole. "Niliyezima ni mimi, niwie radhi."

Akaagiza kwake, tukafuturu kwa uji wa Nassor, uliopikwa kwa kuni, na ulikuwa mtamu, hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Swichi nilizihamishia jikoni, na nikaapa mambo ya jikoni nitamwuliza anayepika. Lakini ukutani yamebaki matundu, na Nassor kila akija hutia kidole katika moja, akapaza sauti, "Shemeji, mwanga upo?"

Na Bi Zuwena siku hizi humjibu.