Kibanda Chekundu cha Patron

Mwenye mkahawa wa mtaa wa Glenwood, tunayemwita Patron, ana kibanda cha simu cha Waingereza mlangoni, chekundu, kisicho na simu ndani. Kila asubuhi anakifuta kwa leso yake, taji baada ya taji, zile nembo za kifalme zilizo juu yake kila upande, kisha anapanda kiti alifikie paa la kuba. Wateja hawaonji kahawa kabla ya somo. "Hii ni chuma tupu, si plastiki," anasema, akigonga kwa pete. Akifika kwenye paa, sauti inashuka: mchoraji wa vibanda hivi aliliiga kutoka kaburi moja la London. Hapo anaweka mkono kifuani kama mfiwa.

Mlango wa kibanda hicho ulikuwa umeliwa na kutu. Mdogo wangu Peguy ndiye aliyeuchomelea, akakipaka chote rangi, wiki ya mwisho kabla Mungu hajamwita. Kanisani kwetu hatufungi matanga mpaka aliyempa marehemu kazi ya mwisho asimame aseme neno. Nikaenda kumwomba. Nilimkuta juu ya kiti, anasugua paa.

"Patron, tunakungoja Jumamosi. Neno moja tu juu ya Peguy."

"Peguy gani, Maman?"

"Aliyekutengenezea huu mlango."

"Ah, yule! Pole sana." Akapuliza vumbi kwenye taji. "Lakini Jumamosi iko watalii, wanakuja kuona kibanda."

Jumamosi mchungaji akatufungia matanga kwa zaburi, bila lile neno. Waliopita Glenwood wanasema patron alikuwa mlangoni, mkono kifuani, akiwaeleza watalii habari za kaburi.