Mkimbiaji Asiyeimba

Nilikuwa nakunywa chai kibandani Masanze, kijiji ambako wakulima na wafugaji hupigana kila mara, mara mgeni wa mjini akachomoza kutoka mashambani mbio, raba za mitumba miguuni. Hakuna aliyemtazama yeye. Wote tulitazama nyuma yake. Mama muuza chai akamnyakua mwanawe. Mzee mmoja akashika panga.

"Kuna nini huko?" mama akamzibia njia. "Ng'ombe wameingia mashambani? Watu wanapigana?"

"Hapana, mama. Nafanya mazoezi tu."

Mama alimkazia macho. "Mazoezi? Sasa mbona huimbi?"

Yule bwana akacheka. Mimi sikucheka. Enzi za ujamaa tulikimbia mchakamchaka wote, tukiimba. Siku hizi za soko huria kila mtu anakimbia peke yake, kimya, na sisi tunaomwona hatujui tumfuate au tujifiche.