Mkono wa Kasimu Niliouzika

Kasimu Lwamba alikuwa fundi wa vitanda pale Kampemba, na mimi nilikuwa mchuuzi tu wa samaki wa Kasenga. Babu zetu walitoka Maniema pamoja, kwa hiyo kila nilipofika Lubumbashi nililala kwake. Vitanda vyake vilijulikana mpaka kwenye kambi za wafanyakazi wa migodi, maana kichwani mwa kila kitanda alichonga majani yaliyojikunja, bila kupima, kwa jicho tu. Alikuwa mkimya, isipokuwa ukikalia mbao yake; hapo hata mimi, niliyemwitikia Yaya, yaani kaka mkubwa, alinifokea.

"Yaya Sumaili, ile haiko kiti! Ile njo muguu ya kitanda ya bibi-arusi!"

Alifanya kazi na Mkatoliki mmoja. Chama kilichotawala nchi kilikuwa kimekwisha kutukataza majina ya kizungu, lakini sisi tuliendelea kumwita Donat.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi, msumeno wa umeme uligonga msumari uliojificha ndani ya mbao. Mbao ikaruka, na mkono wa kuume wa Kasimu ukakatika juu kidogo ya kifundo. Donat akamfunga mkanda, tukampakia kwenye kamio, lori la jirani. Kisha Donat akainama auokote mkono.

"Acha!" nikamwambia. "Mukono ya Muislamu unataka kubeba sawa nyama ya soko?"

"Yaya, pengine banganga ba hospitali batajua cha kufanya nayo."

"Bataitupa mu takataka. Enda na yeye. Mimi nitaizika."

Kwetu kiungo kikikatika huzikwa. Nilipasha maji kwenye mbabula ya makaa, nikauosha mkono ule polepole, nikatoa unga wa mbao ndani ya kucha. Nikauviringisha katika kitambaa cheupe kipya, nikachimba nyuma ya nyumba. Nasema kweli, nilijiona mtu mwema sana.

Saa sita Donat akarudi mbio, shati limelowa jasho.

"Mukono iko wapi? Munganga Chola anaiomba, anasema atajaribu kuiunganisha! Kule alisomea ng'ambo aliona bakifanya."

"Nimeisha kuizika."

"Basi fukula!"

Sikufukua. Nilisema kilichozikwa kimezikwa. Ukweli ni kwamba sikuamini mtu anaweza kuunganisha mkono kama mguu wa meza, na tena niliona haya kuharibu kazi yangu nzuri. Nikasema tumwulize shehe kwanza. Shehe hakuwa nyumbani, tukazunguka sokoni mpaka tukampata. Hakufikiri hata kidogo.

"Mwenyewe iko muzima, na mukono ni yake! Kimbia, mupumbavu weye!"

Nikaufukua, tukafika hospitali saa tisa. Munganga Chola, kijana mwembamba, akafungua kitambaa, akabonyeza kucha, akaangalia pale palipokatika. Ngozi ilikuwa ya majivu.

"Ilikatika safi," akasema. "Nani aliosha na maji ya moto?"

"Ni mimi, Munganga."

"Ungefunga mu mufuko, ukaweka mufuko juu ya barafu, leo ningejaribu. Unatumika kazi gani, baba?"

"Nauzisha samaki ya Kasenga."

"Unaletaka namna gani toka Kasenga?"

"Mu barafu."

Akaufunga tena mkono katika kitambaa, akanirudishia. Kasha langu la samaki lilikuwa uani kwa Kasimu, hatua kumi kutoka lile shimo, na barafu ilikuwa bado haijayeyuka.

Kabla Kasimu hajaamka nilimshika Donat magoti, nikamwomba anyamaze. Kasimu alipofumbua macho aliuliza kitu kimoja tu.

"Yaya, mukono yangu baliitupa?"

"Hapana. Niliiosha, niliizika."

Akalia, akanishukuru.

Alinishukuru miaka minne. Alijifunza patasi kwa kushoto, akatengeneza viti vifupi na makasha, lakini majani yale hayakurudi. Kila Idi aliwaambia wageni, "Huyu njo alinizikia mukono," nami nilichota pilau yake kwa mkono wangu wa kuume, sina pa kuangalia. Donat alitazama sahani yake.

Idi ya mwaka wa nne sikula. Wageni walipoondoka nilimfuata karakanani, nikamwambia yote: barafu, maji ya moto, lile zungukazunguka la kumtafuta shehe. Nilisema nimeangalia chini.

Kasimu alikuwa amebana ubao kwa kigutu chake, nao ukimteleza.

"Donat alijua?"

"Alijua."

"Miaka mine munaniacha nasema asante!"

Akaurudisha ubao mezani, ukateleza tena, ukaanguka chini. Nikauokota.

"Kamata huko mwisho," akasema, bila kuniangalia. "Kamata nguvu."

Nikashika. Alipiga randa mpaka magharibi, na hakusema asante.