Langur Aliyebebwa na Shangazi

Siku ya kwanza kazini sikupewa usukani, nilipewa fagio. Nilikuwa nimeajiriwa Riyadh kama dereva, katika miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu ambapo kwetu Kakamega karibu kila boma lilikuwa na mtu aliyefunga mzigo kwenda Arabuni. Kichwani nilikuwa na mvi tayari. Kafili, yaani mwajiri aliyeshika karatasi zangu zote, alinichukua nyumbani kwake Al-Suwaidi, akanipeleka nje ya mji kwenye istiraha yake, shamba la mapumziko lenye kuta ndefu na mitende. Nyuma ya mitende palikuwa na vizimba.

“Gari baadaye,” akasema. “Kwanza hawa. Yalla, haya, anza.”

Nikajiambia kazi mbi si mchezo mwema, nikaanza kufagia.

Msimamizi wa vizimba alikuwa Mhindi tuliyemwita Raju, mkali kwa watu na mpole kwa wanyama. Alinionyesha kima watatu wa kijivu, dume na majike wawili, nyuso nyeusi kama masizi na mikia mirefu kuliko miili. Hao ndio langur. Mtu wa Kakamega haelezwi sana, maana langur ni jamaa wa mbega wetu. Chakula chao ni majani, na tumbo lao lina vyumba kama la ng’ombe, ambamo majani huchachuka kwanza ndipo yakamfaa mnyama. Bosi alipenda kuwarushia mikate na tende mbele ya wageni. Akigeuka tu, Raju alizifagia haraka, kwa kuwa vyakula vya namna hiyo humvimbisha langur tumbo, na anaweza kufa.

Wakati wa chai Raju alinisimulia habari za kwao. Alisema langur wako wa aina nyingi, kuanzia milima ya baridi hadi misitu ya joto ya pwani, na wengine hukaa juu ya mapaa ya mahekalu bila kuguswa na mtu. Lakini misitu inakatwa, barabara zinakata njia zao za juu ya miti, nyaya za umeme zinawaua, na mbwa huwamaliza wanaoshuka chini. Wafanyabiashara nao hutaka watoto.

“Langur mama hatoi mtoto wake,” Raju aliniambia. “Ukimwona mtoto sokoni, mama amekufa.”

Jike mmoja akazaa. Kitoto kilikuwa cheusi, masikio yake makubwa kama ya kuazima. Hapo nikajifunza desturi yao. Mtoto wa langur hupokezanwa. Tangu siku zake za mwanzo majike wengine humbeba, humsafisha na kumbembeleza, na mama hupata nafasi ya kula. Mtoto akilia njaa hurudishwa. Kwa hiyo anayembeba mtoto si lazima awe mama, na asiyewajua hawezi kuwatofautisha.

Dada yake bosi, aliyekaa Jeddah, akakiomba kitoto kwa ajili ya wanawe. Raju alikuwa likizo. Nilimsihi bosi, na kwa kweli hakuwa mtu mbaya.

“Kumtenga na mama yake ni haramu,” akasema. “Waende wote wawili.”

Gari la Jeddah lilikuja kabla ya siku tuliyoambiwa. Mimi nilikuwa Batha, sokoni, nikiokota majani ya mboga ambayo wauzaji walinibakizia. Niliporudi nilisikia kelele tangu getini. Mama alikuwa ameng’ang’ania waya za kizimba akipiga ukelele. Wapakiaji walikuwa wamemkuta yule jike mwingine, niliyemwita shangazi, amembeba mtoto, wakawachukua hao.

Nikampigia bosi.

“Mama na mtoto wameondoka. Halas, basi,” akasema.

“Mama yuko hapa, bosi. Yule mwingine hana maziwa. Mtoto atakufa.”

“Chukua pikapu,” akasema. Ndivyo nilivyopewa usukani.

Riyadh hadi Jeddah ni jangwa la kutwa nzima. Nilifunika sanduku la mama kwa gunia bichi, na kila kituo cha mafuta nililimwagia maji. Sikula. Niliogopa kwamba ninampelekea mama maiti.

Aliyenifungulia mlango alikuwa Rehema, binti wa Kwale aliyefanya kazi za ndani mle.

“Mzee, huyu mdogo hali,” akasema kabla hata ya salamu. “Nampa maziwa kwa kitambaa, anatema. Na mkubwa wake hana hata tone. Mama gani huyu?”

“Ni shangazi, binti yangu. Mama ninaye garini.”

Tulipomwingiza, shangazi hakugombana. Alimnyoosha mtoto mbele, mama akampokea. Kichwa cha kitoto kilikuwa kimelegea, nikadhani tumechelewa. Kisha mdomo ukatafuta, ukapata. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Rehema alijifunika uso kwa mtandio.

“Wangu nilimwacha anatambaa,” akasema. “Sasa kwa simu ananiita anti. Anayemwita mama ni nyanya yake.”

Methali ninazo nyingi, lakini siku ile sikuthubutu kumpa hata moja.

Langur hao hawakurudi msituni. Walibaki Jeddah kwenye kizimba kisicho na mti, na dume akabaki Riyadh peke yake, akikaa palepale kwenye waya ambapo mama alikuwa ameng’ang’ania. Hilo linaniuma hadi leo nikiwa mstaafu.

Majuzi, barabarani karibu na msitu wetu, mtu alisimamisha magari akiuza kitoto cha mbega, cheupe bado kama wanavyozaliwa. Nikamwuliza mama yake yuko wapi.

“Hana mama. Nimemwokota.”

“Twende unionyeshe ulipomwokota.”

Akafunika kikapu, akavuka kwenda gari lingine. Nilipowapata walinzi wa msitu kwa simu, alikuwa ameshapata mnunuzi.