Katogo Niliyoisingizia

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Mbale, na kila asubuhi kabla sijagusa chaki nauliza darasa zima: nani hajala, na nani hakulala? Wananicheka. Wacheke tu. Jambo hili nalijua vizuri, lilinipiga mimi mwenyewe.

Nilisoma Jinja, nikikaa na mama katika mtaa wa Mpumudde. Kabla ya kwenda kuuza vitambaa sokoni, mama alipika katogo, ndizi na utumbo katika sufuria moja. Mimi nilikuwa mjuaji. Shuleni tuliaminishana kwamba mwanafunzi hodari halali zaidi ya masaa matatu, na kwamba chakula kizito asubuhi kinalaza akili. Basi nilikesha na vitabu, na darasani nilisinzia mpaka kidevu kikagonga dawati. Mama akaitwa shule. Mbele yake nikajitetea haraka: "Mwalimu, ni katogo. Mama anapika nzito, inaniletea usingizi."

Mama hakubisha. Kesho yake nilikuta mezani chai ya rangi peke yake. Nilifurahi, mjinga mimi! Kwenye mtihani wa majaribio nilisoma swali la kwanza mara nne bila kulielewa, kwa njaa na usingizi. Hesabu nikafeli vibaya, na mtihani wa taifa ulikuwa karibu.

Nikapelekwa kwa shangazi Mbale, nikae naye mpaka nimalize mitihani. Huyo hakuwa na mzaha. Baada ya sala ya isha alizima taa, na asubuhi alisimama mlangoni hanipishi.

"Kula kwanza. Kitabu haina miguu, haiwezi kukimbia."

Alichopika kilikuwa katogo ile ile. Hazikupita wiki mbili, maswali yakaanza kunifungukia. Nilifaulu, tena vizuri.

Niliporudi Jinja na matokeo, mama alipiga vigelegele, kisha akauliza shangazi alikuwa ananilisha nini.

"Katogo."

Akafuta mikono kwenye leso. "Basi yangu ndiyo mbaya."

Niliona aibu ambayo sijaisahau. "Hapana, mama. Nilikuwa silali. Nilikusingizia."

Asubuhi alipika tena, lakini alinipakulia kijiko kimoja tu, akakaa anayachungulia macho yangu kama yataanza kusinzia. Nikaivuta sufuria nzima, nikala mbele yake mpaka nikakwangua chini.